Niliandika "I used to smoke" nikimaanisha nimezoea moshi

Mbanguaji wa Chuno, Mtwara

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu. Naomba kuelimishwa juu ya maneno mawili ya Kiingereza, "used to". Niliyatumia vibaya na yameniumiza, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Mimi nabangua korosho. Tuko akina mama saba, tunabangulia uani kwangu hapa Chuno. Mashine hatuna. Tunakaanga kwenye karai lililotobolewa matundu, juu ya moto wa kuni. Korosho zikishika moto tunazimwaga chini na kuzifukia kwa mchanga ili zipoe na mchanga unyonye yale mafuta, halafu tunagonga moja moja kwa kijiti cha mti mgumu, taratibu, maana ikipasuka vipande bei inashuka. Anayeijua kazi hii anaujua moshi wake. Si kama moshi wa kupikia wala wa kukausha samaki. Ni moshi wa mafuta ya ganda, unachoma macho, unakaba koo, na ukiingia kwenye kanga hautoki kwa kufua mara moja. Mgeni hakai dakika tano. Sisi tumezoea.

Mwezi uliopita kijana wa jirani alituunganisha na mama mmoja wa Kizungu anayetafuta korosho zilizobanguliwa kwa mkono, auze dukani kwake huko kwao. Akaomba tumwandikie kwa Kiingereza tumweleze kazi yetu. Kiingereza changu ni cha darasa la saba na kingine nimejisomea, ila sikutaka kumpa mtu aniandikie, nilitaka maneno yawe yangu. Nikakesha na kamusi siku mbili. Humo nikaona "used to" ni kuzoea, au kuwa na desturi. Nikafurahi, nikaitia kila mahali. Nanakili sentensi tatu kama zilivyokwenda.

"I use to wake up at four every day." Nilitaka kusema huwa naamka saa kumi alfajiri kila siku.

"We use to shell the nuts by hand." Yaani sisi hubangua kwa mkono.

"I used to smoke." Hapo ndipo nilipotaka kusema nimezoea moshi.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Mama yule ana adabu, simlaumu. Aliuliza sasa hivi nani anabangua, na kama tumeshahamia kwenye mashine basi hizo sizo korosho anazozitafuta. Halafu akaandika kwamba amefurahi kusikia niliacha, kwa sababu yeye mwenyewe kuacha kulimchukua miaka. Niliacha nini? Nilisoma mara nne sikuelewa. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeshika simu, akasoma, akanyamaza. Kisha akasema, mama, umemwambia zamani ulikuwa unavuta sigara.

Mimi sijawahi kushika sigara hata ya kumwashia mtu. Marehemu baba yangu alivuta, na kifua chake nilikiuguza mimi mpaka mwisho. Usiku ule sikulala vizuri.

Nataka kumjibu, lakini safari hii nijue ninachokiandika. Wenyewe wanayatumiaje maneno haya wakizungumza mambo ya kila siku? Inakuwaje yabebe kuzoea na wakati huohuo yabebe kuacha? Msinipe jina la kanuni. Nipeni sentensi.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Marahaba, mama, na pole kwa usiku huo. Nimefundisha Kiingereza miaka 31, na kosa hili nimelikuta kwa wanafunzi wangu wazuri kuliko kwa wengine. Anayekosea hapa ni yule anayejaribu kusema jambo lake mwenyewe. Aliyekariri sentensi za kitabuni halioni tatizo, kwa kuwa hajasema kitu.

Kamusi yako haikudanganya, ilikupa nusu. Hapo kuna mambo mawili yasiyo na udugu yaliyovaa nguo moja, na cha kuangalia ni neno linalotangulia.

Chukua "I used to sell fish". Zamani nilikuwa nauza samaki. Kabla ya "used" hakuna kitu zaidi ya mtendaji, na baada ya "to" kitenzi kimekuja kitupu: sell, wake, smoke. Ndani ya sentensi hiyo mna "siku hizi siuzi", hata kama hukulitamka. Ndiyo maana mama yule akauliza nani anabangua sasa. Hakukosa kuelewa, alielewa sawasawa na ulivyoandika.

Wewe ni wa Mtwara, unajua mjini kwenu kuna kata inaitwa Reli na hakuna reli. Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ikatoka bandarini kwenda Nachingwea, na miaka ya 1960 haikuwapo tena. Mtoto akikuuliza jina limetoka wapi, Kiingereza kinakupa sentensi fupi tu: "There used to be a railway here." Hapa palikuwa na reli. Msikilizaji haulizi stesheni iko wapi, maana ameshaambiwa imekwisha.

Au safari ya Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji tulikuwa tunaivuka kwa kivuko pale Ndundu. Masika moja nililala kando ya mto ule siku mbili, juu ya magunia ya korosho, lori limezama tope hadi kwenye ekseli, nakula ming'oko aliyonifungia mke wangu. Ilikuwa imepoa na kukauka, na sijapata kula ming'oko mitamu kama ile. "We used to cross the river by ferry." Nikimwambia hivyo mgeni, swali lake la kwanza ni daraja lilijengwa lini. Anajua lazima kipo kitu kilichokuja kikakiondoa kivuko.

Sasa tuje ulipoumia. Kuzoea kwa Kiingereza ni hali aliyonayo mtu, kama kuchoka au kuwa tayari, na hali hubebwa na "am", "is", "are", "was". "I am tired." "I am ready." "I am used to the smoke." Kwenye barua yako yalianguka maneno mawili madogo, "am" na "the", na hayo madogo ndiyo yaliyobeba kila kitu. "Smoke" kwao ni moshi na pia ni kuvuta sigara, hakuna herufi moja inayotenganisha. Ukiliwekea "the" mbele linakuwa jina, ule moshi wa karai lako. Ukiliacha tupu baada ya "I used to", linakuwa kitenzi, na msomaji hana njia nyingine ya kulisoma.

Na ukitaka kutaja tendo ulilolizoea, tendo hilo huvaa "-ing". Hapa lugha yetu inatutega. Sisi tunasema nimezoea kuamka, tunaiona ile "ku", tunaandika "to wake". Lakini hiyo "to" siyo "ku" yetu. Jaribu kuweka jina la kitu mahali hapo: nimezoea moshi, nimezoea joto, nimezoea kazi hii. Kama jina linakaa vizuri, basi kitenzi nacho lazima kifanywe kama jina kabla hakijakaa. "I am used to waking up at four." Hiyo ni nimezoea kuamka saa kumi.

Zile sentensi zako mbili za kwanza ni habari nyingine kabisa. Hukutaka zamani wala kuzoea, ulitaka "hu-". Sisi tuna hubangua, huamka, huuza, tunapenda silabi hiyo, na tukiingia kwenye Kiingereza tunaitafutia pacha wake. Pacha hayupo. Wakati uliopo wa kawaida unatosha: "We shell the nuts by hand." Hiyo peke yake ni hubangua kwa mkono. Ukitaka kukaza, tia "always" au "every day". Lile "I use to wake up" utalisikia Mtwara mpaka Mwanza, ofisini na hata mimbarini, na Mwingereza akilisikia atadhani "d" imedondoka na unamsimulia mambo ya zamani. Ndivyo ilivyokuwa kwako.

Mtembeza wageni, Mikindani

Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Mimi Kiingereza nimekiokota kwa masikio, nikiwatembeza wageni kwenye majumba ya kale hapa Mikindani, kwa hiyo nina la sauti.

Wenyewe hawatamki kama kilivyoandikwa. Wakisema zamani nilikuwa, au nimezoea, utasikia "yustu", d imemezwa na s ni kavu kama ya supu. Lakini kuna ya tatu ambayo mwalimu hakuigusa, ya kutumika. "This stick is used to shell nuts", kijiti hiki hutumika kubangua. Hapo wanasema "yuzd tu", z inavuma kama nyuki. Kwenye karatasi ni neno lilelile, sikioni ni maneno mawili. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilikuwa napotea hapo kila siku, mpaka nikaacha kufikiria herufi nikawa nasikiliza s na z tu.

Lile boma la Wajerumani la 1895 lilikuwa ofisi ya serikali, leo ni hoteli. Kwa hiyo kila ninapofika mbele yake nasema "It used to be a government office", na wageni wanageuka kutazama madirisha. Hiyo sentensi naipenda. Inafanya kazi mbili kwa mara moja, inakuonyesha kilichopo na kisichokuwapo.

Halafu ipo "get used to", ambayo mama ataihitaji. Desemba joto likipanda, mgeni akilalamika namwambia "You'll get used to it", utazoea. Wengine hurudi baada ya wiki wanasema "I'm getting used to it", naanza kuzoea. Mmoja alikaa miezi mitatu anaondoka bado anasema "I never got used to the heat." Ukiwa na "get" bado uko njiani, ukiwa na "am" umefika.

Ila mwalimu, naomba kuuliza kwa heshima. Umesema "used to" lazima jambo limekwisha. Mzee mmoja mgeni wangu alikuwa anaoga baharini kila alfajiri, akaniambia "I used to swim every morning when I was a boy, and I still do." Sasa hakuacha. Inakuwaje?

Mwalimu mstaafu, Masasi

Swali zuri, mwanangu, na umenibana mahali pa haki. Nirekebishe: sentensi humfanya msikilizaji aamini jambo limekwisha, isipokuwa msemaji amzuie palepale. Mzee wako alizuia kwa "and I still do". Angenyamaza baada ya "boy", ungedhani ameacha. Kwa anayeandika barua kama mama yetu, asitegemee kuzuia. Kama jambo linaendelea, aweke wakati uliopo aishie hapo.

Na kwenye z umenisaidia. Darasani tulikuwa tunaandika ubaoni, sauti tukaipuuza.

Muuza pweza, Lindi

Mbanguaji mwenzangu wa moshi, pole sana. Mimi nakausha pweza, moshi naujua.

Nimesoma maelezo yote nikawa najiuliza kwa nini kamusi zetu ziseme "used to" ni kuzoea kama si kuzoea. Nadhani nimeona. Hata sisi tuna mbili ndani ya neno moja! Nikisema "nilizoea kumtembelea shangazi kila Ijumaa", anayenisikia atauliza siku hizi je? Ataona nimeacha, au shangazi amefariki. Nikisema "nimezoea kumtembelea shangazi kila Ijumaa", kesho kutwa Ijumaa utanikuta kwake. Kitenzi ni kilekile kuzoea, kilichobadilika ni -li- na -me-. Kwa hiyo mimi nitaikumbuka hivyo: nilizoea ni "I used to visit", nimezoea ni "I am used to visiting". -Li- haina "am", -me- ina "am".

Kama nimekosea mwalimu anisahihishe, maana mimi shule niliishia njiani.

Na kwa kuwa Mtwara wametajiwa reli yao, nasi tutajwe. "Lindi used to be the headquarters of the Southern Province." Makao makuu ya jimbo zima la kusini yalikuwa hapa kwetu kabla hayajahamishiwa Mtwara miaka ya mwanzo ya 1950. Bibi yangu alikuwa akilisimulia hilo kama mtu aliyenyang'anywa shamba.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Dada wa Lindi, hujakosea. Miaka 31 nimesimama mbele ya ubao nikichora mishale, na hilo la -li- na -me- sikulifikiria hata siku moja. Haliwezi kufika kila mahali, kwa mfano kwenye "there used to be a railway" hakuna kuzoea, ni kuwapo tu. Lakini kwa mtu aliyeshika kalamu anataka kujua aweke "am" au asiweke, linamvusha. Ningekuwa bado kazini ningelifundisha Jumatatu.

Nikuongezee kwa bibi yako. Umesema alikuwa akisimulia. Hapo Kiingereza kinakubali njia mbili, "she used to tell us" na "she would tell us", zote ni sawa, maana kusimulia ni tendo linalorudiwa. Lakini Lindi kuwa makao makuu si tendo, ni hali, na hali haiendi na "would". Huwezi kusema "Lindi would be the headquarters" ukimaanisha zamani. Kwenye hali shika "used to".

Mbanguaji wa Chuno, Mtwara

Nimesoma yote, nimemsomea na binti yangu, na jana usiku akina mama wenzangu walipokuja kuchukua korosho za kumenya niliwasomea nao. Ile ya -li- na -me- waliishika mara moja. Mmoja ambaye Kiingereza hajui kabisa alisema, basi kumbe ni kama yetu tu. Tulikaa tunatunga. Nilizoea kupanda daladala, siku hizi natembea. Nimezoea kutembea, hata jua likiwaka. Tulicheka mpaka karai likataka kuungua.

Mwalimu, nimegundua jambo nikiandika upya. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta neno moja kubwa la kunifanya nionekane najua Kiingereza. "Used to" ilionekana ya kitaalamu kwangu. Kumbe nilichotakiwa kusema hakikuihitaji, isipokuwa mahali pamoja au pawili. Naweka hapa barua mpya, mniangalilie kabla sijaituma.

"I have never smoked in my life. I wanted to tell you that I am used to the smoke from the fire.

We shell all our nuts by hand. Nobody stopped. I wake up at four, and we start at six.

My mother taught me. She used to shell cashew nuts for our house only, not to sell.

My hands did not used to be black. The oil in the shell did this. I am used to it. My daughter is not used to it, and I do not want her to get used to it. She is in school."

Hapo mwisho nilisita. Niliona labda si mambo ya kumwandikia mnunuzi. Lakini yeye aliniambia habari yake ya kuacha sigara bila kuniona hata sura, nami nikaona nimwambie habari ya mikono yangu. Mafuta ya ganda yanakula ngozi, hata ukijipaka majivu kabla ya kuanza. Vidole vyangu viwili vya kulia ncha zake hazina alama tena. Nilipokwenda kuandikishwa laini ya simu mashine ilikataa kidole, wakajaribu kingine, wakajaribu kingine.

Mtembeza wageni, Mikindani

Mama, usifute hata neno moja hapo mwisho.

Muuza pweza, Lindi

Asifute. Na "Nobody stopped" imeninyoosha mgongo.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Herufi moja tu. Kwenye "did not used to be black" toa "d" ya "used". Zamani imeshabebwa na "did", haibebwi mara mbili. Andika "My hands did not use to be black." Kwenye swali ni vivyo hivyo, "Did you use to sell fish?"

Mengine yote yako sawa, mama. Huo mstari wa mama yako, "She used to shell", hapo ndipo mahali pake hasa. Ulipoiandika hukuwa na kamusi, sivyo?

Mbanguaji wa Chuno, Mtwara

Sikuwa nayo, mwalimu. Ilikuja yenyewe.

Nimetoa "d". Binti amenishikia taa, nimeisoma tena kwa sauti, "yustu" na s kavu. Imekwenda saa tatu na robo usiku.